Tufe la Mhubiri

Mhubiri alikuwa na sauti ambayo watu waliiita Radi, na jina lile likamganda yeye mwenyewe. Akipanda mimbarani, hata watoto wachanga walinyamaza ili wasikie ni nani huyu anayewashinda kwa kelele. Kwa miaka mingi alihubiri mambo mema: yatima asidhulumiwe, mke na mume wasilale na hasira, jirani asalimiwe hata kama kuku wake wameparua mboga zako. Na mara moja kila mwaka, bila kukosa, alihubiri kwamba dunia imesimama. Haizunguki wala haiendi popote. Jua na nyota ndivyo vinavyoizunguka, kama watumishi wanavyomzunguka bwana wao mezani. Waumini walilipenda hubiri hilo kuliko yote, kwa sababu ndani yake aliwacheka wasomi, na nani asiyependa kuona msomi akichekwa?

Ila msomi mmoja alikuwa amemzaa mwenyewe.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alifundisha fizikia katika chuo cha mji mwingine. Hata nyumbani walikuwa wakimwita Mwalimu, kwanza kwa utani, kisha kwa mazoea. Baba na binti hawakuwahi kugombana. Ingekuwa heri wangegombana, maana wagomvi angalau huzungumza. Wao waliongea habari za mvua, za magoti ya mama, za bei ya sukari, kisha wakanyamaza kwa adabu. Mama alikaa katikati yao kama mkalimani wa watu wawili wanaojua lugha moja.

“Baba yako anauliza kama umeshiba,” alikuwa akisema.

“Nipo hapa hapa, Mama. Nimemsikia.”

“Basi mjibu, nami nipumzike.”

Halafu macho ya Mhubiri yakaingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akamfanyia upasuaji, akamwekea kinga juu ya jicho na masharti mdomoni: asisome, asiiname, asipaze sauti mpaka apone. Kutosoma na kutoinama Mhubiri aliweza. Kutopaza sauti ndiko kulikomliza, na kulia nako kulikatazwa.

Mwalimu akachukua likizo, akaja nyumbani. Kila alasiri alimkalisha baba yake kwenye kochi, akamwekea mto mgongoni, akafungua maandiko na kumsomea. Mhubiri alikuwa hajamsikia binti yake akisoma tangu alipokuwa na pengo la meno ya mbele. Alisoma polepole, kwa sauti ya chini isiyojipamba, na mara kadhaa Mhubiri alihisi kwamba maneno aliyoyajua kwa moyo alikuwa hajapata kuyasikia. Alifumba jicho lake zima na kuomba kimoyomoyo daktari asiwe na haraka.

Siku moja wakafika mahali panapotaja dunia kusimikwa imara. Mwalimu akasoma, akakatika kidogo, akaendelea.

“Umesita,” alisema Mhubiri.

“Nimemeza mate, Baba.”

“Mate hayamezwi hivyo. Mimi nimesimama mimbarani tangu hujazaliwa. Najua mtu anayemeza mate na mtu anayemeza neno.”

Jikoni, mlio wa vyombo ukakoma. Mama alikuwa ametega sikio.

Mwalimu akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani yake. “Sina ugomvi na maandiko, Baba. Naona hapa mwandishi anasifu, kama mtu anavyosema nyumba ya fulani haiyumbi. Lakini wewe unahubiri kwamba hiyo ni habari ya mawe na udongo. Na habari ya mawe na udongo inaweza kupimwa.”

“Kupimwa vipi? Kwa vyombo vya kwenu ambavyo sisi hatuvioni?”

“Kwa uzi na kitu kizito.”

Akatoa funguo zake mkobani, akazifunga kwenye uzi wa cherehani ya mama. Akamsimamisha baba yake katikati ya sebule, akampa ncha ya uzi ashike juu, kisha akazisukuma funguo zibembee kati ya mlango na kabati. Halafu akamshika baba yake mabega. Yalikuwa yamepungua, yale mabega. Alishangaa kuyaona madogo. Akaanza kumgeuza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwingine kucheza muziki.

“Tazama funguo, usinitazame mimi.”

Mhubiri aligeuka, akageuka, mpaka kabati ikawa ubavuni mwake. Funguo zilikuwa bado zinabembea kati ya mlango na kabati, wala hazikumfuata.

“Sasa,” alisema Mwalimu, “tuseme wewe hukujua kwamba nakugeuza. Ungeona nini?”

“Ningeona funguo ndizo zinazogeuka,” alisema Mhubiri.

“Basi. Tutundike kitu kizito kwenye dari ya jumba la ibada, kwa waya mrefu, tukiache kibembee. Kama dunia inazunguka, sakafu itageuka chini yake, na sisi tuliosimama juu ya sakafu tutaona kinachogeuka ni kile kitu. Kwenye ncha za dunia kingemaliza duara zima kwa siku. Hapa tulipo kitakwenda kidogo tu.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Baba, nitakwambia tukishaona...”

“La!” Radi ilimtoka, akakumbuka sharti la daktari, akashusha sauti. “Hapana, mwanangu. Sema kabla. Mganga anayetabiri mgonjwa akishapona huyo si mganga. Sema sasa, kisha tuone.”

Mwalimu alimtazama baba yake kwa namna ambayo hakuwa amemtazama miaka mingi. Mambo yale yale alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kila mwaka, na si wengi walioyashika. Akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya dawa.

“Ukisimama hatua moja kutoka katikati, alama itasogea upana wa vidole viwili kwa saa. Kinyume na mishale ya saa.”

“Na mimi nasema kabla,” alijibu Mhubiri. “Dunia imesimama. Kwa hiyo kitapita pale pale. Hakitatoka kwenye mstari wake hata unywele.”

“Na mimi nasema,” alisema Mama kutoka jikoni, “chai inapoa, na hilo halihitaji uzi.”

Katibu wa baraza la wazee alipopata habari alikuja mbio, kofia mkononi. “Mhubiri, huku si kumjaribu Mungu?”

“Hatumjaribu Mungu, Katibu. Tunalijaribu hubiri langu. Usituchanganye.”

Fundi Cheche, mchomeleaji wa vyuma na muumini wa benchi la nyuma, ndiye aliyepewa kazi. Waliazima tufe la chuma ambalo wanafunzi wa sekondari hulirusha kwenye michezo. Akalichomelea pete juu na sindano chini. Akapanda ngazi, akafunga ndoano kwenye boriti ya chuma ya paa, akateremsha waya. Mwalimu alichora duara kwa chaki sakafuni, akapanga juu ya chaki tuta dogo la mchanga mkavu, ili sindano ya tufe ikipita iache mfereji.

Siku ya jaribio jumba lilijaa. Wengine walikuja kwa ajili ya imani, wengine kwa ajili ya elimu, na wengi walikuja kwa sababu wenzao wamekuja. Madirisha yalifungwa ili upepo usiingie. Mwalimu alilivuta tufe pembeni, akalifunga kwa uzi wa pamba kwenye mguu wa benchi, akasubiri litulie kabisa. “Mkono wa mtu hautalisukuma,” aliwaeleza. Akawasha kiberiti, akauchoma uzi. Uzi ukakatika, tufe likaondoka kimya kimya, zito na lenye adabu, likapita katikati ya jumba na kukata mchanga upande wa pili.

Mhubiri alikaa mbele, miwani myeusi usoni. Mwanzoni alilitazama kama mpinzani. Baadaye alijikuta akipumua pamoja nalo.

Lakini kabla ya saa kwisha, mambo yaliharibika. Tufe liliacha kupita katikati. Likaanza kuchora umbo la yai, kila mzunguko likinenepa. Na mifereji ya mchangani ikaonyesha wazi, hata kwa aliye nyuma: lilikuwa limesogea sana, tena kwa kufuata mishale ya saa. Upande usio wake.

Jumba likalipuka kwa vifijo. Mtu akapiga vigelegele. Katibu alisimama juu ya benchi kana kwamba yeye ndiye aliyeisimamisha dunia kwa mikono yake.

Mwalimu alisubiri kelele zipungue. Uso wake ulikuwa umemshuka, lakini sauti haikutetemeka. “Nilisema litakwenda vidole viwili, kinyume na mishale ya saa,” alisema. “Limekwenda zaidi, na kwa upande mwingine. Nilichotabiri hakikutokea. Au hesabu yangu ina kosa, au mtambo una kosa. Sijui bado.”

Akainama, akaanza kuzoa mchanga kwa kipande cha boksi.

Maneno yale mawili ya mwisho yalimwingia Mhubiri kama mwiba mdogo usioonekana. *Sijui bado.* Alijaribu kukumbuka ni lini yeye aliwahi kuyatamka mbele ya watu. Alirudi nyuma mwaka kwa mwaka, hubiri kwa hubiri, asipate.

Jioni Katibu alikuja nyumbani akiwa na hotuba tayari kichwani. “Kesho siku ya ibada, Mhubiri, uwatangazie ushindi. Watu wamesisimka, chuma kipigwe kikiwa moto.”

“Ushindi wa nani?”

“Wako! Wetu! Binti alikiri mwenyewe mbele za watu kwamba ameshindwa.”

“Na mimi nilitabiri nini, Katibu?”

Katibu akapepesa macho.

“Nilisema tufe halitatoka kwenye mstari wake hata unywele,” alisema Mhubiri. “Limetoka. Kama dunia imesimama, lilifuata nini kule lilikokwenda? Binti yangu amekosa, na mimi nimekosa. Tofauti ni kwamba yeye amesema.”

Katibu aliondoka bila kumaliza chai yake. Mhubiri akajikongoja hadi jikoni. Mwalimu alikuwa anaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi, mgongo wake ameupa mlango. Mama alimpisha mumewe, akajifanya ana kazi uani.

“Mama,” alisema Mhubiri. Ndivyo alivyomwita binti yake tangu utotoni, na jioni ile neno lilitoka kwa upole wa zamani. “Lile tufe limetuaibisha sote wawili. Tulitengeneze.”

Mwalimu aligeuka, mikono inachuruzika povu. “Unataka tujaribu tena?”

“Nataka. Ila nina swali, na usikasirike. Nitajuaje kwamba hutalitengeneza na kulitengeneza mpaka litoe jibu unalolitaka, ndipo useme sasa limepona?”

Mwalimu akacheka, kisha machozi yakamjia akiwa bado anacheka, akayafuta kwa bega. “Baba, hilo ndilo swali. Hilo ndilo swali lenyewe! Kuna watu wamezeeka kazini hawajaliuliza.” Akaketi kwenye kigoda. “Sikiliza. Kama ni kosa la mtambo, tukilianzisha tufe kutoka upande wa mlango litakosea hivi, tukilianzisha kutoka dirishani litakosea vile. Kosa lina upande wake. Lakini kama ni dunia, dunia haijali tumeanzia wapi. Kila upande itatupa jibu moja.”

“Basi tuanzie pande zote.”

“Pande zote.”

Siku ya ibada ilipopita, Mwalimu akapanda ngazi pamoja na Fundi Cheche. Haikuchukua muda kuliona tatizo: waya ulikuwa unaning'inia kwenye ndoano ya duara, na ndoano ile iliuachia ubembee vizuri kwa upande mmoja na kuukwaza kwa upande mwingine. Fundi Cheche akaondoa ndoano, akachomelea mahali pake kibanio cha drili kuukuu, kile kinachobana sindano ya kutobolea sawasawa pande zote. Akaubana waya humo.

“Ungeniambia mapema kwamba dunia ina masharti,” alinung'unika akishuka, “ningekuja na vifaa vyote.”

Safari hii hawakutangaza. Walikuwa wanne tu: baba, binti, mama na fundi. Kinga ya jicho ilikuwa imeondolewa, na daktari alishamruhusu Mhubiri kuinama. Walianza asubuhi. Mwalimu alichoma uzi, tufe likaondoka. Mama alikaa kwenye benchi akishona vifungo vya mashati ya mumewe. Fundi Cheche alijilaza kwenye benchi la nyuma, benchi lake la siku zote, akasinzia kama kawaida yake ya siku za ibada. Jumba lote lilikuwa kimya, ila ule mvumo mdogo wa waya.

Tufe lilipita, likarudi. Halikuchora yai. Lilikata mchanga, na kila liliporudi liliumega ukingo wa mfereji chembe chache tu. Zilianguka upande ule ule, kinyume na mishale ya saa.

Saa ilipotimia Mhubiri alipiga magoti, akaweka vidole vyake viwili kwenye nafasi kati ya mfereji wa kwanza na wa mwisho. Vilizidi kidogo.

“Ulisema vidole viwili. Vya nani?”

“Vyangu, Baba.”

“Ungetaja.” Akamshika binti yake mkono, akauvuta, akaviweka vidole vyake mchangani. Vilienea.

Wakaanza tena kutoka upande wa mlango. Vidole viwili. Wakaanza kutoka dirishani. Vidole viwili, upande ule ule. Kutoka kona ya mimbari, vivyo hivyo. Alasiri ilikuwa imeshaanza kulegea, na Mhubiri alikuwa amekataa chakula, akisema atakula dunia ikitulia. Mkewe akamjibu kwamba kwa hali anayoiona, basi atakufa njaa.

Baada ya lile la mwisho Mhubiri hakuinuka. Aliweka kiganja sakafuni, kikiwa wazi, kama mtu anayempima mtoto homa.

“Tunakwenda,” alisema.

“Tunakwenda, Baba.”

“Sasa hivi.”

“Sasa hivi.”

“Na sisikii kitu.” Sauti yake ilikuwa ndogo. Ilimshangaza yeye mwenyewe kwamba hakuhisi kuporomoka. Alikuwa amelihofia jambo hili tangu siku binti yake alipokwenda chuoni. Aliliona kama uzi ambao ukivutwa, shati zima litafumuka. Sasa uzi ulikuwa umevutwa, na alikuwa bado ni yeye, amepiga magoti mahali pake pa siku zote, na alichokitaka ni kuomba. Ila hakujua aanze na neno gani.

“Nikuulize,” alisema. “Tufe hili linasema Mungu hayupo?”

Mwalimu akakaa sakafuni kando yake. “Tufe linasema dunia inazunguka. Halijaulizwa zaidi ya hapo, wala halijui zaidi ya hapo. Atakayekwambia limesema zaidi, muulize alitabiri nini kabla.”

“Na wewe unaamini nini, mama?”

Lilikuwa swali ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza. Mwalimu alilitazama tufe, ambalo sasa lilikuwa linakaribia kusimama.

“Sijui bado,” alisema.

Mhubiri aliitikia kwa kichwa. Alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka Mama alipowaambia kwamba wakiendelea kukaa kwenye saruji, kesho atawauguza wote wawili.

Siku ya ibada iliyofuata Mhubiri alipanda mimbarani. Hakupaza sauti, ingawa daktari alishamruhusu. Aliwaeleza waumini alichotabiri na alichotabiri binti yake, jaribio la kwanza lilivyowaangusha wote, ndoano, kibanio, pande zote walizoanzia. “Nimewafundisha kwamba dunia imesimama,” alisema. “Inazunguka. Nilidhani namtetea Mungu, kumbe nilikuwa natetea kauli yangu. Tufe liko pale. Yeyote asiyeniamini na alianzishe mwenyewe, aje na vidole vyake.”

Wengine walitoka kabla hajamaliza. Familia kadhaa zilihamia jumba jingine la ibada, ambako dunia ilikuwa bado imetulia. Baraza la wazee lilikutana, likaamua Mhubiri apumzike mimbari kwa muda usiojulikana, na Katibu ndiye aliyeleta habari, safari hii bila kumtazama usoni. Ilimuuma. Alikaa siku nzima hajavaa shati, anazunguka uani kama kuku aliyekatazwa kutaga. Lakini baraza halikuliondoa tufe. Wazee wawili walikuwa wameanza kuja asubuhi kulichomea uzi, kila mmoja akidhani mwenzake hajui. Na kwa vile hakuna aliyekuwa tayari kuwafundisha watoto, Mhubiri akapewa watoto. Waliomsikia walisema Radi imegeuka manyunyu. Akiulizwa na mtoto jambo asilolijua, alikuwa akisema hivyo hivyo kwamba hajui, kisha wanatafuta pamoja.

Likizo ya Mwalimu ilipokwisha, baba yake alimsindikiza hadi kituo cha mabasi. Alishikilia kwamba begi atalibeba yeye. Njiani aliuliza umbali wa nyota, namna ulivyopimwa, na kama waliopima walisema kabla. Hawakugusa habari za mvua.

Basi lilikuwa limeshawashwa. Mhubiri akaweka begi chini, akamwekea binti yake mkono kichwani, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa msichana mdogo, na kuanza kumwombea safari. Alianza polepole, akitafuta maneno, akiyaacha mengine aliyoyazoea na kuchukua mapya. Dereva akapiga honi. Abiria mmoja akachungulia dirishani, akasonya. Honi ikalia tena.

Mwalimu hakusogea. Aliinamisha kichwa chini ya mkono ule, akamwacha baba yake amalize.